Kutoka Austin hadi Augusta: wiki ya kumkumbuka Mwalimu

Jumapili, Austin, Texas

Mwalimu wetu wa gofu alizikwa mwezi uliopita. Baada ya mazishi wanafunzi wake walinipa kazi ya kukusanya kumbukumbu zao, zichapwe ziwe kijitabu cha kumkabidhi mjane wake. Safari hii ya Texas nilikuwa nimeipanga kabla hajaugua. Nilitaka niende nimwone kwa niaba yake mtu ambaye hakuwahi kumtia machoni lakini alimtaja kama unavyomtaja babu aliyekulea: Harvey Penick. Nilikuwa nimwambie nikirudi. Sasa hayupo wa kuambiwa, ila tiketi ilikuwepo na hamu ilikuwepo, nikaja. Mkobani nina karatasi za rambirambi za wenzangu, nilizozichapa kutoka kwenye jumbe zao za simu.

Kwa msomaji asiyemjua: Penick alizaliwa hapa hapa Austin tarehe 23 Oktoba 1904, akafia hapa hapa tarehe 2 Aprili 1995, akiwa na miaka 90. Alianza kama kedi, yaani mbeba mifuko ya fimbo, akiwa na miaka minane. Mwaka 1923, kijana wa miaka 18, akafanywa mwalimu mkuu wa klabu ya Austin Country Club, na kazi hiyo akaishika hadi 1971 alipomwachia mwanawe Tinsley. Kuanzia 1931 hadi 1963 alifundisha pia timu ya Chuo Kikuu cha Texas. Na hata alipostaafu hakustaafu. Mgongo ulipokwisha kuinama na miguu kukataa, alikuwa akiletwa uwanjani kwa kigari cha gofu, muuguzi pembeni yake, akaendelea kutazama watu wakipiga mipira.

Usiku huu nimezisoma zile karatasi mfululizo, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Zinapingana. Mmoja anaandika kwamba Mwalimu alimfundisha kuishika fimbo kwa wepesi, vidole tu. Mwingine anakumbuka alivyoambiwa akaze mkono wa kushoto. Mama mmoja, aliyeanza gofu akiwa na wajukuu, anasema Mwalimu alimwambia asahau mikono kabisa, afikirie miguu. Kijana mmoja anaapa kwamba kwa miaka yote hakusikia neno miguu likitoka kinywani mwa Mwalimu. Mwenzangu tunayeandaa naye kijitabu ameshauri tuwapigie simu tujue nani anakumbuka sawasawa, tusije tukamwaibisha marehemu. Nimemjibu asubiri mpaka nirudi. Nafikiri wote wanakumbuka sawasawa, na nimekuja mahali pazuri pa kulieleza hilo.

Jumatatu, Austin

Asubuhi nimecheza Hancock. Ni uwanja wa manispaa wenye mashimo tisa, upo kwenye Mtaa wa 41 katikati ya nyumba za watu, na kijito cha Waller kinapita ndani yake. Hapa ndipo Austin Country Club ilipoanzishwa mwaka 1899, na ndipo Penick mtoto alipobebea mifuko. Klabu ilihama mwaka 1950. Upande mmoja wa uwanja wa zamani ulikuja kuwa maduka, yanaitwa Hancock Center, na upande huu wa mashimo tisa ukabaki kwa wananchi. Hakuna geti, wala mtu wa kukuuliza wewe ni nani. Nimekodi fimbo, nikaingia.

Sikuhesabu mikwaju. Nilitaka kutembea tu. Vilima ni vidogo, miti ni mikubwa, na kila mahali unakutana na mteremko unaokulazimisha kupiga mpira mguu mmoja ukiwa juu ya mwingine. Mtoto aliyekulia kwenye ardhi ya namna hii, akiwa na mfuko wa mtu mzima begani, ameona kila aina ya mkwaju mbaya kabla hajajifunza mkwaju mzuri. Mwalimu naye alianza hivyo. Alikuwa akisema kedi ndiye mwanafunzi pekee anayelipwa kwa kusoma, na kwamba yeye alijifunza gofu kwa kutazama migongo ya watu. Ukimtazama mtu usoni anakudanganya, mgongo haujui kudanganya. Siku ya kwanza nilipompelekea mikono yangu aifanyie kazi, hakuitazama. Alisimama nyuma yangu, kimya, muda mrefu kiasi kwamba niligeuka kuona kama bado yupo.

Kwenye grini ya tatu, yale majani mafupi yanayozunguka shimo, nilikuwa peke yangu, nikaweka mpira hatua moja kutoka shimoni na kuusukuma ndani, tena na tena. Ndivyo Mwalimu alivyotuanzisha sote. Unaanza shimoni. Ukishaweza hatua moja, unarudi nyuma hatua mbili, kisha nje kidogo ya grini, kisha mbali zaidi, na ile fimbo ndefu ambayo kila mtu huja akiililia unaishika mwisho kabisa. Wengi walikasirika na kuondoka. Aliwaacha waende, na wakirudi aliwapokea bila kuwakumbusha. Njia hiyo ni ya Penick. Aliamini gofu hufundishwa kutoka kikombe cha shimo kurudi nyuma, hasa kwa watoto.

Kuna kisa chake na Ben Crenshaw ambacho Mwalimu alikisimulia kila alipopata mtoto mpya. Crenshaw, mzaliwa wa Austin wa mwaka 1952 aliyekuja kuwa mchezaji maarufu, alikuwa mdogo bado, Penick amemkatia fimbo ya urefu wake. Akamwonyesha grini iliyokuwa karibu, akamwambia aupeleke mpira kule. Mtoto akapiga, mpira ukatua kwenye grini. Sasa twende ukausukume shimoni, akasema Penick. Mtoto akamuuliza: kama ulitaka uingie shimoni, kwa nini hukuniambia tangu mwanzo? Watu wengine hukichukulia kisa hiki kama cha kuchekesha. Mwalimu alikichukulia kama somo kwa walimu. Mtoto alikuwa amefanya alichoambiwa, kamili, kwa hiyo mwenye kusema achunge anachokisema.

Alasiri nilipita Riverside, upande wa mashariki, ambako klabu ilikaa kuanzia 1950 hadi 1984. Sikukaa sana.

Kabla sijalala, jambo moja kuhusu Penick mchezaji. Alikuwa mchezaji mzuri, na alikuwa na ndoto ya kuzunguka na mashindano. Siku moja kwenye mashindano ya Houston alimwona Sam Snead, gwiji wa baadaye, wakati ule bado kijana, akipiga mpira. Ule mlio wa mpira ukiacha fimbo ulimtosha. Akajua kwamba yeye hatapata kamwe kuutoa mlio ule, na tangu hapo moyo wake wote akauweka kwenye ualimu. Mwalimu alikipenda kisa hiki kuliko vyote. Sikupata kumuuliza mlio wake yeye aliusikia wapi, na kutoka kwa nani.

Jumanne, Austin

Lions Municipal, ambao watu wa hapa wanauita Muny, ulifunguliwa mwaka 1924. Tom Penick, kaka yake Harvey, alikuwa mwalimu hapa kwa miaka mingi. Crenshaw na Tom Kite, mwanafunzi mwingine maarufu wa Harvey, wote wamecheza hapa wakiwa vijana. Lakini sikuja kwa sababu yao.

Mwishoni mwa mwaka 1950 vijana wawili weusi, waliokuwa makedi, waliingia uwanjani hapa wakaanza kucheza. Wakati ule Kusini mwa Marekani viwanja vya umma vilikuwa vya wazungu. Mji ukaulizwa wafanywe nini, na uamuzi uliotoka ni kwamba waachwe wacheze. Miaka kadhaa kabla ya mapambano makubwa ya haki za raia, uwanja huu ukawa umefunguliwa kwa watu wote, na unatajwa kuwa uwanja wa kwanza wa manispaa katika Kusini yote kufika hapo. Mwaka 2016 uliingizwa kwenye orodha ya taifa ya maeneo ya kihistoria. Ardhi ni ya Chuo Kikuu cha Texas, na hatima yake imegombaniwa kwa miaka. Crenshaw mwenyewe amekuwa mstari wa mbele kutaka usibomolewe.

Mwalimu alibeba mifuko kwa miaka mingi kwenye uwanja ambao makedi hawakuruhusiwa kuucheza. Walicheza alfajiri, kabla wenye klabu hawajaamka, kwa fimbo moja watu wanne. Hakulalamika juu ya hilo hata siku moja mbele yangu, ila alipokuja kuwa mwalimu, makedi wake walicheza. Hilo halikuwa na mjadala. Katika karatasi nilizonazo, tano ni za watu waliokuwa makedi, na zote, kwa maneno tofauti, zinataja siku Mwalimu alipowaambia waweke mfuko chini wapige wao. Nimesimama kwenye shimo la kwanza la Muny nikazisoma hizo tano. Wachezaji walipita, wakanisalimu, wakaniacha.

Jioni nilikwenda hadi Daraja la Pennybacker, lile la tao la chuma lenye rangi ya kutu, lililofunguliwa mwaka 1982 juu ya Ziwa Austin. Makao ya sasa ya klabu yako jirani na hapo, kwenye uwanja uliochorwa na Pete Dye na kufunguliwa mwaka 1984. Ni klabu ya wanachama, kwa hiyo nimeitazama kwa mbali. Ndiko Penick alikofundishia katika uzee wake, na ndiko hadithi ya daftari jekundu ilikotokea.

Tangu miaka ya 1920 alikuwa akiandika kwenye daftari dogo jekundu aliyoyaona kwa wanafunzi wake: kilichomsaidia huyu, kilichomharibu yule. Daftari lilifungiwa, na aliyepata kulisoma alikuwa Tinsley peke yake. Mwaka 1991 mzee akamwonyesha mwandishi Bud Shrake, akamuuliza kama linafaa kuchapwa. Mchapishaji akakubali kwa dola 90,000. Shrake akampa mke wa Penick, Helen, habari hiyo. Siku iliyofuata mzee akaja na huzuni: amefikiri usiku kucha, na kwa gharama za matibabu alizonazo haoni atazitoa wapi dola 90,000. Alidhani yeye ndiye anayetakiwa kulipa! Kitabu kilitoka mwaka 1992 kikawa kati ya vitabu vya michezo vilivyouzwa zaidi kuliko vyote. Nakala ya Mwalimu ilikuwa imeachana na jalada lake, kurasa zimeshikwa kwa mpira wa bendi.

Na sasa nimefika kwenye lile la kupingana. Penick hakufundisha kwa makundi. Alikuwa na wanafunzi wawili waliokua pamoja, katika mji mmoja, klabu moja, Kite na Crenshaw. Mwaka 1972 walitoka sare wakagawana ubingwa wa vyuo vya Marekani. Kite alikuwa mtu wa mazoezi, kutwa nzima uwanjani, maswali hayamwishi. Crenshaw alikuwa na kipaji kilichomjia chenyewe, na mzee aliogopa asije akakiharibu kwa kukigusagusa. Akimfundisha mmoja, mwingine alifukuzwa asisikilize. Hakutaka Ben aondoke na dawa ya Tom. Na hata kwa mwanafunzi mmoja alikuwa na tahadhari: nikikwambia umeze aspirini, alisema, tafadhali usimeze chupa nzima.

Ndiyo maana naamini karatasi zangu zote. Aliyeambiwa alegeze mkono alikuwa ameukaza. Aliyeambiwa akaze alikuwa ameulegeza. Yule mama mwenye wajukuu alikuwa na mikono yenye hofu, na Mwalimu akaona njia ya kumtoa kwenye hofu ni kumpa kitu kingine cha kufikiria. Tungewakusanya wote tukaandika kanuni moja iliyonyooka, tungekuwa tumemwandika mtu mwingine.

Jumatano, Austin

Makaburi ya Austin Memorial Park yako kwenye barabara ya Hancock Drive. Nimekwenda mapema.

Jumatano ya tarehe 5 Aprili 1995 Penick alizikwa. Habari ya kifo chake ilikuwa imewafikia wanagofu siku tatu kabla, Jumapili jioni. Crenshaw alikuwa tayari Augusta, Georgia, kwa ajili ya Masters, mashindano makubwa ya gofu ya kila mwaka, ambayo yangeanza Alhamisi. Alipata habari kwa simu wakati wa chakula cha usiku. Jumatano asubuhi yeye na Kite wakapanda ndege, wakaja Austin, wakabeba jeneza la mwalimu wao pamoja na wengine, na jioni ile ile wakarudi Georgia. Kesho yake walikuwa na mikwaju ya kupiga.

Nimekaa pale nikifikiria jambo dogo la wiki mbili kabla ya hapo. Crenshaw alikuwa amekuja kumwona mzee kitandani. Hakuwa na msimu mzuri, na fimbo yake ya kusukumia, iliyomfanya ajulikane dunia nzima, ilikuwa imemgeuka. Mzee akamwambia akalete fimbo. Akamtazama akisukuma pale pale chumbani, kwenye zulia. Kisha akampa somo lake la mwisho: piga mikwaju miwili mizuri ya kujaribu, usiruhusu kichwa cha fimbo kitangulie mikono, kisha jiamini. Hakuwa na nguvu ya kunyanyuka. Alikuwa na macho, na sauti iliyotosha sentensi mbili au tatu.

Nilipomwona Mwalimu mara ya mwisho pia alikuwa kitandani. Tulizungumza mambo ya kawaida, na alinichosha kwa maswali kuhusu mtoto mmoja wa pale uwanjani, kama bado anakuja mazoezi, kama viatu vyake vimepatikana. Nilipoaga akanishika kiganja, akakigeuza juu, akakipitishia kidole gumba pale chini ya kidole cha pili ambapo fimbo hunisugua ninapoikaza. Ngozi ilikuwa laini. Akaridhika, akaniachia. Hakuna mtu mwingine duniani ambaye angejua alichokuwa akikitafuta.

Nilikuwa nimebeba jina la Mwalimu kwenye kipande cha karatasi nikifikiri nitalisoma pale kaburini kwa Penick. Nimelisoma. Nimemwambia pia mzee Penick kwamba kuna watu ambao hawakuwahi kuikanyaga Texas, wanaosimamisha miguu yao vizuri kwa sababu yake, na kwamba aliyewafundisha ametangulia. Nikasema poleni kwa familia zote mbili.

Alhamisi, njiani

Ndege hadi Atlanta, kisha gari kwa barabara kuu ya I-20 kuelekea mashariki, kama kilomita 230. Misonobari pande zote mbili na hakuna cha kusimulia.

Nitumie nafasi hii kuwataja wanawake wa Penick, kwa sababu Mwalimu angenihoji kama ningewaruka. Betsy Rawls, aliyesoma fizikia katika Chuo Kikuu cha Texas, alishinda mashindano 55 ya kulipwa. Mickey Wright 82. Kathy Whitworth 88, na hakuna mwanamke aliyemfikia katika ligi ya wanawake ya Marekani. Wote watatu walipita mikononi mwa Penick. Whitworth alitokea mji mdogo wa Jal, New Mexico, na alikuwa na mwalimu wake huko, Hardy Loudermilk. Mwalimu huyo alipoona amempa msichana yote aliyokuwa nayo, alimpigia simu Penick, akampeleka kwake. Ni safari ya zaidi ya kilomita 600, na mama yake Kathy ndiye aliyekuwa akimwendesha. Jina la Loudermilk halitajwi sana. Kwangu mimi ni mwalimu mkubwa, maana alijua mahali pa kusimama.

Mwalimu wetu alifanya hivyo kwa wanafunzi wake wawili wazuri kuliko wote. Aliwapeleka kwa mwingine, akaendelea kuja kuwatazama akiwa amesimama mbali, mikono nyuma, bila kusema neno. Mmoja wao ameniandikia kwamba aliumia sana wakati ule, alidhani anafukuzwa. Ameandika kurasa nne. Hizo nne sitapunguza hata mstari.

Ijumaa, Augusta, Georgia

Augusta National haifunguliwi kwa mpita njia. Nimetembea Washington Road kando ya ukuta wa miti, upande mwingine maduka na vituo vya mafuta, magari yakipita kasi. Ndani kulikuwa shamba la miche kabla mchezaji gofu Bobby Jones na mchoraji wa viwanja Alister MacKenzie hawajalifanya uwanja, na kila shimo bado lina jina la mmea. Masters ya kwanza ilichezwa mwaka 1934.

Kisha nikaenda Sand Hills, mtaa wa zamani wa watu weusi usio mbali na klabu, ambako makedi wengi wa Augusta walitoka. Hadi mwaka 1982 mchezaji wa Masters alilazimika kubebewa mfuko na kedi wa klabu. Carl Jackson alikulia hapa, akabeba mfuko kwenye Masters kwa mara ya kwanza mwaka 1961, akiwa na miaka 14. Ndiye aliyekuwa na Crenshaw wiki ile ya 1995, na naona bila yeye hadithi ya Penick haikamiliki.

Jumanne ya wiki ile, siku moja kabla ya mazishi, Crenshaw alikuwa kwenye uwanja wa mazoezi na mipira haiendi. Jackson akamtazama, akamwambia mambo mawili: rudisha mpira nyuma kidogo kwenye msimamo wako, na uzungushe mabega zaidi. Hayo tu. Baada ya mipira michache Crenshaw alikuwa anapiga kama hajapiga kwa miezi. Ukiyasikiliza maneno yale, ni ya Penick kabisa kwa ufupi wake: yanamhusu mtu huyu, siku hii, kwenye ugonjwa huu.

Alipiga mikwaju 70 siku ya Alhamisi, kisha 67, kisha 69. Jumapili, tarehe 9 Aprili, mpira wake kwenye shimo la pili uligonga mti ukarudi uwanjani, na watu wengi bado wanaamini kulikuwa na mkono wa Penick pale. Mimi sihitaji kuliamini hilo. Ninachokitazama ni kwamba katika mashimo 72, kwenye grini za Augusta zinazotelezesha mpira kama sakafu iliyomwagiwa mafuta, mtu ambaye wiki chache kabla alikuwa amepoteza fimbo yake ya kusukumia hakusukuma mara tatu kwenye grini hata moja. Kwenye shimo la 16 na la 17 alipata mkwaju mmoja chini ya kiwango, yaani idadi ya mikwaju iliyowekewa shimo. La 18 alipoteza mmoja, na bado alikuwa na wa ziada. Jumla 274, mikwaju 14 chini. Akawa bingwa, akiwa na miaka 43.

Mpira wa mwisho ulipoingia aliinama pale pale, uso mikononi, na aliyemfikia kwanza ni Jackson. Baadaye Crenshaw alisema alikuwa na fimbo ya kumi na tano mfukoni, na fimbo hiyo ilikuwa Harvey Penick. Sheria inaruhusu 14.

Wa pili, kwa mkwaju mmoja tu, alikuwa Davis Love III. Baba yake, Davis Love Jr., alikuwa mwanafunzi wa Penick pale Chuo Kikuu cha Texas, akawa mwalimu wa gofu mwenyewe, akafa kwenye ajali ya ndege mwaka 1988. Davis alikuwa ameipata nafasi ya kucheza Masters ile kwa kushinda New Orleans Jumapili ile ile Penick alipofariki. Kwa hiyo Jumapili iliyofuata, walioongoza orodha ni mwanafunzi wa mzee na mtoto wa mwanafunzi wa mzee. Mmoja alikuwa amemzika mwalimu wiki ile. Mwingine, aliyefundishwa na baba yake mwenyewe, alikuwa amempoteza baba na mwalimu kwa siku moja, zaidi ya miaka sita kabla. Ushindi wa Crenshaw umeandikwa sana. Mimi leo nimetembea nikimfikiria zaidi Davis, aliyepiga 66 siku ile, mzunguko mzuri kuliko wowote ambao Crenshaw aliupiga wiki ile.

Jumamosi, Augusta

Mvua tangu alfajiri. Nimebaki chumbani nikifanya kazi ya kijitabu.

Nimemwandikia mwenzangu kwamba hatutampigia mtu simu. Kila mwanafunzi atapewa ukurasa wake, na alivyoandika ndivyo itakavyochapwa, aliyeambiwa akaze na aliyeambiwa alegeze wakiwa ubavu kwa ubavu. Amejibu baada ya saa nzima: sawa, lakini tueleze mwanzoni, wasiojua gofu wasichanganyikiwe. Ana haki. Nimeandika aya moja kuhusu Kite na Crenshaw, na kuhusu aspirini.

Ukurasa wangu mimi ulikuwa mgumu. Nimeandika kuhusu mgongo, yale ya kusimama nyuma yangu siku ya kwanza, kisha nimeandika kuhusu kidole gumba kwenye kiganja. Yaliyo katikati, miaka yote ile, nimeyaacha. Wenzangu wameyasema vizuri.

Barua ya kufungulia inaanza hivi: *Mama, pole sana. Sisi sote tulikuwa tunamchukua kwako alfajiri na kumrudisha jua likizama, na hukuwahi kutulalamikia. Humu utamkuta akisema mambo ambayo hukumsikia akiyasema nyumbani, mengine yanapingana. Yote ni yake. Tunakushukuru kwa kutuazima.*

Watu wawili bado hawajaniletea kurasa zao, yule mtoto wa viatu na kedi wa zamani kuliko wote, ambaye haandiki na ameomba nimsikilize ana kwa ana. Nikirudi nitaanza na yeye.